Wakwe wa Kisarawe wasio na mlango

Tuanze na duka. Liweke Mlandizi, pembeni mwa Barabara ya Morogoro, au ukipenda lipeleke Maneromango, kwenye kona wanakopumzika bodaboda. Leseni ina jina la mwanamke, mzaliwa wa hapo hapo. Anauza sukari, sabuni, unga na mafuta ya kupima. Saa saba mchana anatoka kumfuata mtoto shuleni, mumewe anashika kaunta. Mume ni Mrundi. Wana cheti cha ndoa, wana watoto watatu, wamejenga vyumba vinne na choo cha nje. Mteja anaingia, anataka sukari robo, anapimiwa, analipa, anaondoka.

Kwa sukari hiyo robo, wote wawili wanaweza kujikuta mahakamani.

Huyu ni mume wa mfano, hatumsemi mtu. Sheria zinazomzunguka ndizo za kweli. Tarehe 28 Julai 2025 Serikali ilitangaza amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara: rejareja na jumla nje ya maduka makubwa, uwakala wa kutuma fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni zisizo za hotelini, ununuzi wa mazao shambani, udalali na nyingine. Aliyeitia saini ni Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati ule, Selemani Jafo, ambaye pia alikuwa mbunge wa Kisarawe. Asiye raia akipatikana na hatia, faini yake haipungui shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, na kibali chake cha ukaazi kinaweza kufutwa. Raia anayemsaidia hakuachwa: faini ya milioni 5 au miezi mitatu ndani.

Shabaha ya amri ile tunaielewa, na kilio cha wafanyabiashara wa Kariakoo kilichoizaa tulikisikia. Mtu hawezi kuingia nchini kwa jina la mwekezaji halafu akabanana na mama anayeuza vyombo vya plastiki. Lakini amri inajua watu wa aina mbili tu, raia na asiye raia. Mume wa raia imemtupa kapu moja na mfanyabiashara aliyeteremka uwanja wa ndege juzi na begi lake. Na mkewe, ambaye kosa lake ni kumwachia mumewe duka kwa nusu saa, anaweza kuitwa msaidizi wa mhalifu.

Amri haina lawama peke yake. Imerithi ugonjwa wa sheria mama, Sheria ya Uraia ya 1995, Sura ya 357, na ugonjwa wenyewe umekaa kifungu cha 11. Kifungu hicho kinasema mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania anaweza kuomba uraia wa tajnisi kwa sababu ya ndoa yake, wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamke tu. Mwanamume aliyemuoa raia wa Tanzania hakutajwa. Akitaka uraia apite njia ya wageni wote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi hapa jumla ya miaka isiyopungua 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mzuri, kisha asubiri uamuzi wa Waziri, ambaye halazimiki kumweleza sababu. Katika orodha yote hiyo, mkewe wa Maneromango hahesabiki kitu. Angekuwa hajaoa kabisa, masharti yangekuwa yale yale.

Kabla hajafikisha muda huo wa kuomba, anaishi kwa kibali. Na kibali kinafuata kazi yake au mtaji wake, hakifuati ndoa yake. Kazi ikiisha, kibali kinayumba. Kibali kikiyumba, nyumba nayo. Tangu Sheria ya Ajira za Wasio Raia ya 2015, kufanya kazi kunahitaji kibali kingine cha kazi, mbali na kile cha ukaazi. Upande wa pili wa barabara iko Sheria ya Ndoa ya 1971. Kifungu chake cha 63 kinamwamuru kila mume kumpa mkewe makazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Basi Dola ile ile inamwambia mkwe wetu: mlishe mkeo, ni wajibu wako, na usifanye kazi, huna karatasi. Tungependa kumwona mwanasheria anayeweza kuzisoma sheria hizo mbili kwa sauti, moja baada ya nyingine, bila kucheka.

Mke mgeni wa Mtanzania naye hali asali. Akiingia kwa pasi ya mtegemezi haruhusiwi kufanya kazi mpaka apate kibali, na akichukua uraia wetu lazima auache wa kwao, kwa kuwa mtu mzima haruhusiwi uraia wa nchi mbili. Lakini yeye mlango anao. Unaweza kuwa mzito na bawaba zake zikalia, ila upo. Mume amejengewa ukuta.

Kuna jambo linalotuuma zaidi. Mhandisi wa kigeni aliyeajiriwa katika kiwanda cha Kibaha, akishapata kibali chake, anaweza kumwombea mkewe na watoto wake pasi ya mtegemezi waje wakae naye. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, nayo inamtambua mfanyakazi wa nchi mwanachama pamoja na mwenza wake na mtoto wake. Kwa hiyo mgeni anaweza kumdhamini mkewe mgeni katika ardhi ya Pwani, na mwanamke aliyezaliwa Pwani, aliyezikiwa bibi na babu Pwani, hana fomu ya uraia ya kumjazia mumewe.

Watanzania walioko ng'ambo wanatuletea malalamiko mengi kuhusu sheria za huko, na mengi ni ya haki. Uingereza, tangu Aprili 2024, anayetaka kumleta mwenza wake anatakiwa kuonesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Zamani zilikuwa 18,600. Marekani, mwenye ukaazi wa kudumu asiye raia bado anaweza, kwa sheria yao, kumwombea mume au mke, ingawa anawekwa kwenye foleni yenye idadi maalumu kila mwaka, na yeye mwenyewe asikae nje ya nchi hiyo muda mrefu akapoteza alichonacho. Kijana wa Kibaha anayeendesha lori Texas anaijua foleni hiyo. Anahesabu miezi, na akija likizo anaangalia kalenda kuliko anavyomwangalia mkewe. Sheria hizo ni ngumu. Hata hivyo zinamruhusu mkaazi, hata asiye raia, kusema: huyu ni mwenzangu, namwombea. Dada yake huyo kijana, raia wa Tanzania aliyeolewa na mgeni, mwenye namba ya NIDA na kadi ya mpiga kura, akiwa nyumbani kwao Kongowe, hana foleni ya kusimama.

Uganda walipata Katiba yao mpya mwaka 1995, mwaka ule ule Bunge letu lilipopitisha Sheria ya Uraia. Wao waliandika kwamba mtu yeyote aliyeoana na raia wa Uganda, ndoa ikiwa halali na hai, anaweza kuandikishwa kuwa raia baada ya muda uliowekwa. Sisi tukaandika mwanamke. Kenya walikuwa na neno kama letu katika Katiba yao ya uhuru. Walilifuta mwaka 2010, na Ibara ya 15 ya Katiba yao sasa inampa haki ya kuomba mtu aliyeoana na raia kwa miaka isiyopungua saba, awe mume au mke. Majirani wawili walioanza na urithi ule ule wa Kiingereza wamekwisha kuutupa. Sisi mwaka 1995 tuliifuta Sheria ya Uraia ya 1961, tukaandika mpya, halafu neno hilo moja tukalibeba kutoka ya zamani kama mtu anayehama nyumba na kubeba kunguni.

Mwaka huo wa 1961 unatukumbusha kitu. Mwezi Oktoba, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge lilijadili nani awe raia wa Tanganyika, na wapo waliotaka uraia upimwe kwa rangi ya ngozi. Mwalimu Nyerere alikataa kwa ukali, akasema Serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Siku ile nchi iliamua kwamba rangi haitakuwa kipimo. Jinsia ya mwenye ndoa ikabaki kuwa kipimo, na hakuna aliyetishia kujiuzulu.

Wapo watakaosema mila zetu ndizo zinataka hivyo: mke anamfuata mume, si mume kumfuata mke. Wanaosema hivyo hawajakaa Kisarawe. Wazaramo, na Wakwere wa upande wa Kibaha, kwa asili wanahesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti ambayo baba mzazi anaisikiliza. Mwanamume aliyetoka mbali akaoa hapo alipokelewa na upande wa mke, akaoneshwa pa kulima, watani wakamchokoza mpaka akazoea. Hakuna mzee wa Masaki au Mzenga aliyeuliza kama mkwe ana kibali. Ukitafuta mila inayomfukuza mume wa binti, nenda katika vitabu vya Wizara ya Makoloni London, Uzaramo huipati.

Tena eneo hili limezoea wageni kuliko sehemu nyingi za nchi. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kwa ubia wa Tanganyika na nchi za Nordiki, na walimu na wauguzi wa Kizungu waliishi pale na familia zao mpaka mradi ulipokabidhiwa kwetu mwaka 1970. Mwaka huo huo Wachina walianza kujenga reli ya TAZARA, iliyopita katikati ya Kisarawe. Sasa ipo Kwala. Bandari kavu ilizinduliwa tarehe 31 Julai 2025, siku tatu tu baada ya ile amri ya biashara, na nchi jirani zimetengewa maeneo yao hapo kwa ajili ya mizigo. Makontena yatafuatwa na makarani, madereva, mafundi na mawakala: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wazambia. Watapanga vyumba Mlandizi na Visiga. Watakula kwa mama ntilie. Na vijana wakikaa mahali wanaoa, hilo halihitaji utafiti.

Hapo ndipo tunapogonga kengele. Mpaka leo mkwe wa kigeni anaonekana jambo la mipakani, la Kigoma, Kagera, Namanga, Tunduma. Miaka michache ijayo litakuwa jambo la Kibaha, na Kisarawe haitakuwa mbali nyuma. Sheria ya uraia itawakuta watu wameshazaa, na amri ya biashara itawakuta wamefungua genge. Msako wa wahamiaji haramu ukipita alfajiri, mtendaji wa kijiji ataulizwa: huyu ni nani? Atajibu ukweli anaoujua yeye na kijiji kizima, kwamba huyu ni mume wa binti yetu. Na jibu hilo, mbele ya kifungu cha 11, halitakuwa na uzito wowote.

Watoto wao ni raia, sheria haina ubishi hapo. Mama raia anawatosha. Mama raia. Watoto raia. Watano mezani na mmoja wao anahesabiwa mpita njia, naye ndiye anayetajwa baba kwenye vyeti vya kuzaliwa.

Kisha kuna ardhi, na hapa wasomaji wetu wa Kisarawe wasikilize kwa makini, maana viwanja vinanunuliwa kila siku kutoka Pugu hadi Msanga. Sheria ya Ardhi ya 1999, kwa kawaida, haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kwa hiyo kiwanja kinaandikwa jina la mke, na mume anamwaga humo jasho lake lote: matofali, bati, kisima. Mke akifariki kabla yake, mjane huyu wa kiume anabaki katika nyumba aliyoijenga juu ya ardhi asiyoweza kuandikishwa, kibali chake kikiwa na tarehe ya kuisha, na ndugu wa marehemu wakiwa wamekaa ukumbini wanasubiri arobaini ipite. Hatusemi ndugu wote ni wabaya. Tunasema sheria imewapa kisu na imemnyang'anya yeye ngao.

Hofu ya Idara ya Uhamiaji tunaijua: ndoa za karatasi. Mgeni anamtafuta msichana, anampa fedha, wanaandikisha ndoa, anapata anachotaka, anatoweka. Mambo hayo hutokea duniani kote. Lakini mwanamke mgeni naye anaweza kufunga ndoa ya karatasi na mwanamume wa Tanzania, na sheria haikumfungia mlango kwa hofu hiyo. Imeweka maombi, mahojiano, uchunguzi. Wakenya wameweka miaka saba ya ndoa, muda ambao tapeli hana subira nao. Pimeni ndoa kwa ukali mnaotaka, nendeni mkahoji majirani, lakini kipimo kiwe kimoja kwa wote.

Tunaogopa pia dawa mbaya. Mwaka 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mjini Strasbourg, iliamua kesi ya wanawake watatu waliokuwa na haki ya kukaa Uingereza na waume zao wakazuiwa kuungana nao. Mmoja wao, Nargis Abdulaziz, alizaliwa Malawi, jirani zetu. Wanawake walishinda: Mahakama ilisema Uingereza imewabagua kwa jinsia yao. Serikali ya Uingereza ikatii kwa namna yake. Badala ya kuwalegezea waume, iliwakazia wake nao, usawa ukapatikana kwa kuwabana wote. Zimbabwe nayo, baada ya Mahakama ya Juu kuwapa haki wake wenye waume wa kigeni mwaka 1994, ilikwenda kubadili Katiba mwaka 1996 ili kuizunguka hukumu. Atakayepeleka muswada Dodoma akumbuke mifano hiyo miwili. Tunataka mume afunguliwe, mke asifungiwe.

Na ipo mifano ya kuiga. Wanawake 20 wa Mauritius walilalamika mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa kuhusu sheria iliyowanyima waume zao wa kigeni haki ya kuishi kisiwani. Mwaka 1981 Kamati ikawaunga mkono, na miaka miwili baadaye Bunge lao likairekebisha. Botswana, wakili Unity Dow, aliyeolewa na Mmarekani, aliishtaki nchi yake kwa sheria ya uraia iliyowabagua watoto wake, akashinda Mahakama Kuu mwaka 1991 na Mahakama ya Rufaa mwaka 1992. Hapa kwetu Jaji Mwalusanya, mwaka 1990 kule Mwanza, alimpa Holaria Pastory haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi, kwa sababu mwanamume wa ukoo ule angeruhusiwa. Sababu ile ile ingeimaliza kesi ya kifungu cha 11 kabla ya chakula cha mchana. Tangu hapo Katiba yetu, kwa marekebisho ya 2000, imeitaja jinsia miongoni mwa misingi isiyoruhusiwa ya ubaguzi, na Tanzania imefungwa na mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake tangu 1985. Kilichokosekana ni mtu wa kuligusa jambo hili.

Bunge ndilo linalopaswa kuligusa kwanza. Wizara ya Mambo ya Ndani ipeleke marekebisho ya kifungu cha 11, neno "mwanamke" liwe "mtu", na muda wa ndoa uwekwe ulio sawa kwa wote. Wakati muswada unasubiri, Idara ya Uhamiaji itenge kibali cha ukaazi cha mwenza wa raia, kinachosimama juu ya cheti cha ndoa na udhamini wa mke, na kisichokufa siku mkataba wa kazi unapokufa au mke anapozikwa. Wizara ya Viwanda na Biashara nayo itoe tamko la maandishi, hata la ukurasa mmoja, kwamba mume kushika kaunta ya duka la mkewe si kosa la yeyote kati yao. Hili la mwisho halihitaji Bunge wala bajeti, na wabunge wa Pwani wana sababu ya kulidai kabla ya wengine.

Hayo yasipofanyika, mahakama ipo wazi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayekwenda kudai haki za msingi aoneshe kwamba jambo limemgusa yeye mwenyewe. Anayefaa zaidi ni mwanamke mwenye ndoa hiyo, mwenye duka hilo.

Kwa hiyo wewe msomaji wa Mlandizi, Soga, Masaki au Maneromango ambaye haya ni maisha yako, usisubiri msako. Hakikisha ndoa yako imesajiliwa na cheti unacho mkononi. Tunza nakala za kila kibali cha mumeo tangu alipoingia nchini, maana miaka hiyo 7 itahesabiwa kwa karatasi, haitahesabiwa kwa ushahidi wa majirani. Andika wosia kuhusu nyumba. Kisha nenda kwa wasaidizi wa kisheria wa wilaya yako, uwaambie unataka kusikilizwa kuhusu kifungu cha 11.